Dada Yangu Alipokea Simu ya Bodi

Siku matokeo ya mtihani wangu wa mwisho yalipotoka, dada yangu alikaa sakafuni jikoni akalia kama kuna msiba.

Nimefaulu. Karatasi zote. Mimi nimesimama na simu mkononi nataka kurukaruka, mtu mzima yuko chini analia na mwiko haujamtoka mkononi.

Majirani waliposikia wakaja mbio, wakijua kuna aliyekufa. Shemeji akawatuliza, akawaambia ni machozi ya furaha, si mnajua amemlea huyu tangu mdogo. Wakatoa hongera, wakarudi makwao.

Na mimi nikaamini ni furaha. Nilikuwa mjinga, niseme nini.

Naandika haya kwa sababu tangu Jumatano iliyopita grupu la familia limenikalia kooni. Mara sina utu, mara nina roho mbaya, mara elimu imenipanda kichwani. Wanajua nusu ya habari. Leo nawapa yote, halafu mniite mnavyotaka.

Kwanza niwaeleze hii kazi ilivyo, maana wengi mnadhani mhasibu ni mtu yeyote mwenye kikokotoo.

Ili Bodi ya wahasibu ikupe leseni, unatakiwa uwe na digrii. Halafu ufaulu mitihani yao, na hiyo mitihani imeshatoa watu wazima vipara. Halafu uwe na uzoefu: miaka mitatu unafanya kazi chini ya mhasibu mwenye leseni, na yeye athibitishe kwamba kweli ulikuwa unafanya uhasibu, si kutumwa dukani.

Na kuna kitu tunaita kufa kwa karatasi. Kila karatasi unayofaulu ina umri wake. Usipokamilisha yote, mitihani na uzoefu, ndani ya miaka waliyoweka, ile ya zamani inafutwa, unaifanya upya kama vile hujawahi kuiona. Ofisini tunasema imekufa. Likumbukeni hilo neno.

Sasa turudi kwa dada.

Mama yetu alifariki nikiwa darasa la tano. Baba alikuwa ameshatangulia. Dada alikuwa ameolewa hata mwaka haujaisha, akanichukua kwake. Alinivisha, akanisomesha, akanichapa nilipostahili kuchapwa.

Tulikuwa tunagombana sana, wote tuna midomo. Lakini agombe agombavyo, mwisho wake alikuwa anasukuma mlango wa chumba changu na kuuliza, "Umekula lakini?" Nikijibu, ugomvi umeisha. Msamaha mwingine kwetu haukuwepo.

Shemeji alikuwa na ofisi yake ya ukaguzi wa hesabu, juu ya duka la vioo. Vyumba viwili, feni moja, na mashine ya fotokopi iliyokuwa inakwama ukiitazama vibaya. Nilipomaliza chuo akaniambia nisihangaike na barua za kuomba kazi, uzoefu nitaupata kwake. Nilishukuru karibu nipige magoti.

Mkataba? Nani anamwomba shemeji yake mkataba. Unakula kwake, unalala kwake, halafu umwambie tuandikishiane. Ungeonekana una kichaa.

Ofisini nilitakiwa nimwite bosi, nyumbani shemeji. Ila mwisho wa mwezi alikuwa shemeji hata ofisini. Alinipa nauli na hela ya mafuta ya kupaka, akasema mengine si unayapata nyumbani.

Kazi niliipiga. Nimehesabu mifuko ya saruji kwenye stoo za wateja mpaka kope zikawa za kijivu. Nimekaa na makeshia wanaoficha risiti kama wanaficha mimba.

Na aliyenifundisha si shemeji. Ni dada.

Meza ya dada ilikuwa mlangoni, ina simu ya ofisi juu yake. Mgeni akiingia anadhani huyu ni wa mapokezi. Kumbe mishahara ya wateja anaiandaa yeye. Kodi zao anazikokotoa yeye. Vitabu vya mteja vikikataa kukubaliana na taarifa ya benki, bosi anamsukumia yeye faili bila hata kusema tafadhali.

Aliniambia nikiona tofauti, kitu cha kwanza niigawanye kwa tisa. Ikigawanyika vizuri, kuna mtu kageuza tarakimu, kaandika sitini na tatu badala ya thelathini na sita. Mpaka leo ndivyo ninavyofanya.

Siku moja nilimuuliza mbona yeye hakufanya mitihani ya Bodi. Akasema alifanya. Akaendelea kugonga mihuri, na mimi nikaacha.

Basi ndiyo hivyo, nikafaulu, akalia, nikapeleka maombi ya leseni. Miaka mitatu ninayo, mitihani ninayo, digrii ninayo. Nikaanza hata kujifunza sahihi mpya, maana niliona wakaguzi wote wana sahihi zenye mkia.

Jibu likaja. Maombi yamekataliwa, uzoefu haukuthibitishwa.

Nikajua ni mtandao umekosea. Nikavaa vizuri nikaenda Bodi mwenyewe. Kaunta nilimkuta mama mmoja wa makamo, miwani yake ina kamba. Akafungua kumbukumbu zangu kwenye kompyuta, akasoma, halafu akanitazama kwa huruma.

Akanieleza kwamba huwa wanapiga simu kazini kuhakiki. Walipiga. Bosi hakuwepo, ikapokelewa na mwanamke aliyejitambulisha kuwa ndiye mratibu wa ofisi.

Nikamuuliza alisemaje.

Yule mama akavua miwani. "Alisema, ni mdogo wangu, anaishi kwetu, anasaidiasaidia tu."

Nilishika kaunta kwa mikono miwili. Akaendelea kwamba waliuliza kama nilikuwa na mshahara, wakaambiwa sina. Waliuliza kuhusu mkataba, wakaambiwa hakuna. Na yote hayo, mtanisamehe, yalikuwa kweli.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikumbuki nilipita wapi.

Dada alikuwa sebuleni anakunja nguo za watoto. Nilitegemea abishe, aseme simu haikusikika vizuri, hata anidanganye tu. Hakuhangaika.

"Mama alipokufa nilikuwa nimebakiza karatasi mbili," akasema. "Mbili. Wewe ulikuwa unaumwa kifua, kila wiki tuko hospitali. Nikaahirisha mwaka wa kwanza, nikaahirisha na wa pili. Zikaanza kufa moja moja, na mimi nakuchemshia maji ya kuoga."

Nikamwambia sikumwomba anilee.

"Najua. Na sikukulaumu. Ila siku ile umeingia jikoni kwangu unaruka na simu, umefaulu kwa vitu nilivyokufundisha mimi, nikaona ni zangu zile karatasi. Umezibeba wewe."

"Kwa hiyo ukaona uniue na mimi."

"Wewe bado mdogo, utarudia," akasema, akachukua shati lingine.

Nikamkimbilia shemeji. Yeye ndiye mwenye leseni, angeinua simu dakika moja tu na kila kitu kingenyooka. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakoroga chai. Kwa sauti ya upole kabisa akaniambia, "Nikisema ulikuwa mwajiriwa wangu, wataniuliza mshahara wako uko wapi na michango yako ya pensheni iko wapi. Sasa unataka wanifungie ofisi kwa ajili yako?"

Hapo nikaelewa kwamba dada alijua. Aliipokea ile simu akijua kabisa mume wake hatamsahihisha.

Jioni nikiwa nafunga begi, mlango ukasukumwa. "Umekula lakini?"

Sikujibu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Asubuhi nikaondoka.

Nisiwachoshe na habari za kutafuta kazi. Nilizunguka mpaka soli zikaisha, kila mtu anataka mwenye uzoefu, na wangu ulikuwa umekanwa. Mwishowe akanichukua mkaguzi mmoja, mama mkali kama nini. Kabla sijakaa nikaomba barua ya ajira. Akacheka, akasema huyu kashaumwa na nyoka.

Nikaanza upya, mwaka wa kwanza. Katikati hapo karatasi zangu za mwanzo zikafa, nikazirudia huku nalia na kikokotoo mezani. Lakini leseni nikaipata. Baadaye nikafungua ofisi yangu, na sahihi yangu ina mkia.

Na dada? Kibao kilimgeukia yeye.

Shemeji alioa mwanamke mwingine. Dada akaambiwa apishe, nyumbani na ofisini. Miaka yote ile, na yeye alikuwa hana mshahara, hana barua, hana mchango hata mmoja. Bosi wake alikuwa mume wake, na mwisho wa mwezi alikuwa mume tu.

Hizi habari nilizisikia kwa mashangazi. Nikasikia pia kwamba amerudi kwenye mitihani ya Bodi, mtu wa miaka arobaini na kitu, anakaa chumba kimoja na vitabu. Nikacheka. Halafu nikasikia anafaulu, karatasi baada ya karatasi. Hapo sikucheka. Akazimaliza zote.

Akabakiza uzoefu.

Bodi wakampigia mume wake wa zamani. Akawaambia, "Yule alikuwa mke wangu, ofisini alikuwa anakuja kunisalimia." Sasa mnaweza kuona kwamba yule mwanaume hakubadilisha hata mbinu.

Lakini Bodi wana mlango mwingine. Kama mwajiri amekataa, wanakubali ushahidi wa mhasibu mwenye leseni aliyekuwepo ofisini wakati ule na aliyeiona kazi kwa macho yake. Dunia nzima mhasibu wa namna hiyo yuko mmoja tu.

Jumatano asubuhi akaingia ofisini kwangu. Kavaa suti ya bluu niliyomjua nayo, imepwaya. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba magotini, akaangalia rafu zangu za mafaili. Akasema nimezipanga vizuri.

Msamaha hakuomba, na sikumtegemea aombe. Alinieleza tu kwamba amewapa namba yangu, watapiga siku ileile, na akaona si vizuri nishtukizwe.

"Nimekonda kwa hii mitihani, mdogo wangu," akasema. "Nataka tu niione leseni ina jina langu. Hata nisipoitumia."

Nilikuwa bado sijampa jibu, simu ikalia.

Nikaipokea, nikaweka spika, simu nikailaza mezani kati yetu. Mwanaume wa Bodi akajitambulisha, akataja jina la dada, akauliza kama nathibitisha kwamba alifanya kazi ya uhasibu katika ofisi ile.

Dada alikuwa ananitazama, anaitikia kwa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani nikisoma kwa sauti na nimekwama kwenye neno.

Nisiwafiche, nilikumbuka kila kitu. Mishahara, kodi, mafaili aliyosukumiwa bila tafadhali. Hata ile ya kugawanya kwa tisa niliikumbuka. Hakuna mtu ninayemjua aliyeufanya uhasibu kuliko yule mwanamke.

Nikasema, "Ni dada yangu. Alikuwa anaishi na yule bwana. Alikuwa anasaidiasaidia tu."

Kichwa chake kikaacha kuitikia.

Yule wa Bodi akauliza kama alikuwa na mshahara. Nikasema hapana. Akauliza mkataba. Nikasema hakuna. Akanishukuru kwa ushirikiano, akakata.

Safari hii hakulia. Akafunga zipu ya mkoba, akainuka. Alipofika mlangoni akasimama, mkono uko kwenye kitasa, mgongo amenipa mimi.

"Umekula lakini?"

Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikamwambia afunge mlango, baridi ya kiyoyozi inatoka.

Akafunga taratibu.

Najua wengi mmesoma mpaka hapa mnasubiri niseme usiku sikupata usingizi. Nililala. Grupu la familia endeleeni kuandika, nimeshaweka kimya.

Somo nawaachia, maana sisi wawili limetugharimu. Ukiajiriwa na ndugu, awe shemeji, awe mume, awe baba mzazi, siku ya kwanza omba barua ya ajira. Mshahara upite benki hata kama ni mdogo wa kuchekesha. Akinuna, mwache anune. Ukiona haya kuomba, ipo siku Bodi watapiga simu, na hujui atakayepokea ana nini na wewe moyoni.

Dada ameshapata pa kujishikiza, ofisi moja hapahapa mjini, chini ya kijana ambaye yeye angeweza kumzaa. Nasikia safari hii amedai mkataba. Miaka mitatu yake imeanza Jumatatu.

Karatasi yake ya kwanza inakufa mwakani.