Picha Niliyompelekea Mama Mkwe

Nikiri tu mapema, aibu hii niliitafuta mwenyewe, nikaifunga kwenye blanketi na kuipakia basi hadi Perry Barr, na Birmingham nzima ikanipisha njia kama nimebeba kioo cha mfalme.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya jioni (miaka miwili, natoka kazini nimechoka hata jina langu silikumbuki) na nataka kumwoa Clémentine, Mkongo wa upande wa Matadi, ila mama yake alikuwa hajaniona, na bila neno lake hakuna ndoa. Nikaona nimpelekee picha yangu ya kuchorwa. Mchoraji, Papa Nsimba, ni wa kwao hukohuko, na ukutani kwake Small Heath palikuwa na picha ya mzee mmoja, uso mweupe pe, yuko chini ya mstari wa maji, mtulivu kuliko maaskofu wote niliowahi kuwaona. Nikamwambia anichore vilevile.

"Ndugu, na ule weupe? Ule uko na maana yake, ngoja nikueleze."

"Papa, mimi nimesoma."

Akajaribu tena. Nikamwonyesha cheti. Akachovya brashi.

Siku ya kuipeleka, sebule ya mama yake Clémentine huko Perry Barr imejaa mashangazi, nikafunua blanketi. Shangazi mmoja akashuka kwenye kochi akakaa chini, akajifunika kitenge kichwani. Mama akauliza polepole:

"Huyu alikufa lini?"

"Ni mimi, mama."

"Naona ni wewe. Nauliza ulikufa lini."

Clémentine akaninong'oneza kwamba kwao weupe ule ni wa waliokwisha kuvuka maji, yaani marehemu, na yule mzee wa ukutani ni baba yake Papa Nsimba, wamemzika zamani. Mama alikuwa keshampigia mchoraji simu, sauti juu, wote tumsikie.

"Mama, nilitaka kumueleza mara mbili. Alisema amesoma."

"Ulisomea nini?" mama akanigeukia.

"Huduma kwa wateja."

Hakuna aliyecheka, ila kile kitenge kilitikisika muda mrefu.

"Binti yangu hatakuwa mjane mbele ya harusi," mama akasema. "Rudi kwa Papa Nsimba, akufundishe kila rangi, halafu uje unieleze mimi. Tutaongea siku hiyo."

Nimeshakwenda Jumamosi nne na bado tuko kwenye nyeupe. Nimejiapia: mtu akiniambia ngoja nikueleze, nakaa kitako, hata awe fundi bomba.