Amina Niliyoikataa

Nimezaliwa katika kambi ya vibarua wa shamba la kahawa kule Oldeani, na leo gereji kubwa kuliko zote upande wetu wa barabara ya Ngorongoro ni yangu. Nasema hivyo bila aibu. Nilikwenda Dar, nikavuka hadi Muskati, nikarudi Karatu na stashahada ya umeme wa magari. Landkruza za watalii zinazowashinda mafundi wa Arusha huletwa kwangu. Waumini waliponichagua kuwa mzee wa kanisa sikushangaa, isipokuwa kwamba walichelewa.

Mchungaji wetu alikuwa Mmasai wa Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, mdogo kwangu kwa umri, mrefu, mwenye sauti ya chini. Wengi wetu ni Wairaqw, wakulima wa mahindi na maharage, na mwanzoni tulimpokea kwa kuguna. Tukamzoea. Tatizo lilianza uchaguzi ulipokaribia. Kila Jumapili aliwaombea wagombea wa vyama vyote, kila chama kwa jina lake, wasitishwe wala wasienguliwe kwa hila. Kisha aliwaombea watu wa kwao, waulizwe kwanza kabla mtu hajawaamulia wakae wapi na wachunge wapi. Hakuhutubia. Aliomba tu, akakaa.

Mkubwa mmoja wa serikali akaenda kumtembelea mwenyekiti wetu wa baraza la wazee nyumbani kwake. Baada ya chai waliyokunywa huko tukaanza kuambiwa kwamba dini isichanganywe na siasa. Waliosema hivyo ndio waliomkalisha mkubwa yuleyule kiti cha mbele siku ya kuzindua kinanda cha kwaya, wakampa na kipaza sauti.

Baraza likaitwa Jumamosi alasiri, jambo likiwa moja: tumwombe askofu amhamishe mchungaji kabla ya uchaguzi, au tumwache. Mwenyewe aliambiwa asubiri nje. Nilimwona dirishani, amekaa upande juu ya pikipiki yake, upepo ukimpaka vumbi jekundu.

Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Alinifundisha shule ya msingi na bado ananiita kijana, ingawa ndevu zangu zina mvi. Alisema hana ugomvi na mchungaji, anachoogopa ni kanisa kuonekana tawi la chama. Mama anayeongoza umoja wa wanawake akamuuliza ni chama gani hicho kinachoombewa pamoja na wapinzani wake. Watu wakacheka, nami nikadhani sisi tuliotaka abaki tumeshinda. Mwalimu akasimama, akasema muda umekwenda, tuombe.

Kwetu sala haiachwi bila kuitikiwa. Wazee wa Kiiraqw wana sala ndefu ya baraka. Mmoja hutamka na wengine huitikia mstari kwa mstari, na anayenyamaza huonekana anawatakia wenzake mabaya. Tabia hiyo tumeingia nayo kanisani. Mwalimu akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa afya, kwa watoto, nasi tukaitikia. Kisha, kwa sauti ileile, akamshukuru kwa kutuongoza tukubaliane kwamba mtumishi wake apelekwe panapomfaa zaidi.

"Amina," wakasema. Hata yule mama. Nilimwona akifumbua macho na kujishika mdomo.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga.

"Mwalimu," nikasema, "hatujakubaliana."

"Kijana, sala imeshafika juu."

"Basi nami natuma nyingine." Nikafumba macho. "Bwana, samahani, tulikuwa bado tunajadili."

Mama akaitikia amina kwa sauti iliyofika hadi nje.

Nikadai kura ya siri. Niliwaambia sikuzunguka huko kote ili nije kuamuliwa mambo nikiwa nimefumba macho. Mwalimu alinuna, lakini akakubali. Sasa nadhani aliwajua watu wake kuliko mimi. Mama akaleta mahindi na maharage kutoka stoo ya sadaka za mavuno. Harage, mchungaji abaki; hindi, aende. Kila mmoja akaingiza ngumi iliyofumbwa ndani ya mfuko wa sadaka, jirani asione alichoachia. Nilisimamia jambo lile kwa fahari. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika baraza letu kabla yangu.

Mwalimu akaumwaga mfuko mezani. Mahindi yalikuwa mengi, wala hapakuwa na haja ya kuhesabu.

Nilitoka mimi kumpa habari, maana hakuna mwingine aliyeinuka. Nikamwambia twende kwa askofu, kwamba watu wametishwa, na kura ya mtu mwenye hofu si kura.

"Walipiga kwa siri?" akauliza.

"Kwa siri. Nilisimamia mwenyewe."

"Na mngeshinda nyie, kaka, ungekubali Mwalimu aende kwa askofu aseme watu wamedanganywa?"

Nikasema angekwenda tu, namjua.

"Sijakuuliza habari zake."

Jumatatu niliwasha gari nikaenda Arusha bila kumwambia. Nilisimama nje ya geti la ofisi ya askofu, injini ikiunguruma, nikipanga maneno. Nilikuwa nayo mazuri; maneno hayajawahi kuniishia. Mlinzi akaja kuniuliza kama naingia. Nikamwambia angoje kidogo. Akangoja, akachoka, akarudi kwenye kiti chake. Nikageuza gari.

Askofu alimpangia mtaa wa kanisa kule kwao, Endulen, na nilimhamisha mimi, kitanda na vitabu vyake vikiwa nyuma. Tulipita geti la hifadhi, tukapanda msituni ndani ya ukungu, tukashukia upande wa pili kwenye jua kali. Njia nzima nilitaka aniambie nilifanya vizuri kudai ile kura, au nilifanya vibaya, lolote, nijue nashika lipi. Nikaongeza mwendo, nikapunguza, nikaongeza tena. Hatimaye nikamuuliza. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo.