Programu Ambayo Simone Alikataa Kuiwasha

Ukifika Kapata, mtaa wa Kolwezi, ukauliza nyumba ya Simone Mwenze, utaonyeshwa ile yenye milango ya bluu, na kama unayemuuliza ni mtu wa rika letu, ataongeza: "Ule mwenye kichwa kigumu?" Sisi tuliokua naye tunasema hivyo bila ubaya. Simone naye hakasiriki. Anasema kichwa chake ni kigumu pale tu panapohitajika.

Ni binti wa fundi umeme, aliyezaliwa hapohapo katika nyumba ya kampuni ya zamani. Alisomea kompyuta Lubumbashi, akarudi Kolwezi na kupata kazi katika kiwanda kimoja cha kusafisha shaba na kobalti, nje kidogo ya mji. Alipewa kazi ambayo wenzake wote walikuwa wameikwepa: kutunza programu ya bwawa.

Kiwanda kile hutumia maji mengi yenye asidi, na uchafu wake wote huishia katika bwawa kubwa lililozungushiwa ukuta wa udongo. Chini ya ukuta huo kuna mtaa mzima: nyumba, kanisa, bustani za mboga, na njia ya pikipiki wanayopita vijana wachimbaji wakienda mashimoni. Dada mkubwa wa Simone, Yolande, analima mboga ya lengalenga kule chini. Mvua ikinyesha, vifaa vya kupimia vilivyozamishwa bwawani, ambavyo wafanyakazi huviita kapteri, hutuma habari za kimo cha maji kwenye kompyuta. Maji yakipanda, programu inawasha pampu. Yakizidi kupanda, inaliza sirene ili watu wakimbilie mlimani.

Programu hiyo iliandikwa na mhandisi wa kigeni aliyekwisha kuondoka zamani, kwa lugha ya kompyuta ambayo siku hizi haifundishwi popote. Tena aliiandika kwa kunakili. Alipomaliza maagizo ya pampu ya kwanza, aliyanakili kwa ajili ya ya pili, akabadilisha mambo machache, akayanakili tena, na tena. Waliomfuata walipokuta kosa kwenye pampu moja, walilisahihisha hapo na mara nyingine wakasahau nakala zilizobaki. Kwa hiyo pampu ambazo zingepaswa kufanya kazi namna moja, kila moja ilikuwa na tabia yake.

"Ni sawa fundi wa nguo anashona uniforme ya masomo bila patroni," Simone aliniambia siku moja, "kila mutoto anamukatia kwa macho. Kisha unashangaa mikono hailingani."

Patroni, yaani kielelezo cha kukatia, aliyoitaka yeye ni hii: pampu zote zielezwe mahali pamoja, kila moja kwa jina lake, kapteri inayoipa habari na kimo cha maji kinachoiamsha. Kisha iandikwe programu nyingine, ndogo, ambayo kazi yake ni kusoma maelezo hayo na kuandika kode, yaani maagizo, ya pampu zote. Ukitaka kubadilisha jambo, unabadilisha pale pamoja, na kode yote inajiandika upya bila kusahau hata pampu moja.

Lakini kabla ya kugusa chochote, alitaka kujua ile ya zamani inafanya nini hasa. Alikusanya vipimo vya maji vilivyohifadhiwa tangu misimu ya mvua iliyopita, akavirudisha ndani ya programu kana kwamba mvua zile zinanyesha upya, akaweka kumbukumbu ya kila ilichofanya: hapa iliwasha, hapa ilizima, hapa iliita watu. Hata pale ilipokosea, alitaka ajue inakosea vipi.

Mkuu wake, Stany, ambaye wote humwita tata, yaani baba, hakuiona faida. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amezoea kupimwa kwa mambo yanayoonekana.

"Simone, ile kintu inatembea. Unaigusa juu ya nini?"

"Juu siku moja haitatembea, tata, na hakuna mutu atajua ni wapi imevunjika."

Mambo yakaendelea hivyo mpaka kompyuta yenyewe ilipoanza kufa. Vipuri vyake havikupatikana tena, na wakubwa wakaamua kwamba programu ihamishiwe kwenye mashine mpya, kwa lugha mpya, kabla ya mvua. Simone alidhani sasa ataitwa. Badala yake aliletwa Josias, kijana mwerevu kutoka Lubumbashi aliyekuwa na kampuni yake ndogo. Josias aliipa mashine ya akili bandia kode yote ya zamani na kuiambia itafsiri. Kazi ambayo Simone aliiombea ruhusa msimu mzima wa kiangazi ilikwisha alasiri moja.

Simone aliisoma kode mpya kwa makini. Ilikuwa nzuri, naye alimwambia Josias hivyo waziwazi. Halafu akailetea zile mvua za zamani alizozihifadhi. Kwa muda mrefu programu zote mbili zilikubaliana. Kisha ukafika msimu ambao radi ilichoma waya wa kapteri moja. Programu ya zamani, ilipoona kapteri imenyamaza, ilihesabu kwamba kuna hatari na kuliza sirene. Mpya ilishika kipimo cha mwisho ilichopokea na kutulia nacho. Ilikuwa inasubiri habari kutoka kwa kapteri iliyokufa.

Alimwita Josias. Kijana alifungua kode na kuipitia mstari kwa mstari.

"Pale mwandishi aliandika namba isiyo na maana yoyote, bila kueleza," alisema mwishowe. "Kumbe ndiyo ilisema kapteri imekufa. Mashine iliona ni uchafu, ikasafisha. Mi nami nilisoma, nikaona ni sawa. Naitengeneza sasa hivi."

"Utaitengeneza. Lakini hii tumeiona juu radi ilipiga pale. Na fasi yenye radi haijapiga, tutaiona namna gani?"

Simone alisema njia ni kuhamisha pampu moja moja, programu ya zamani na mpya zikienda bega kwa bega, na kabla ya yote kung'oa kila kapteri kwa mkono ili kusikia kama sirene italia. Josias alikubali kwa kichwa, lakini mkataba wake ulikuwa mikononi mwa Stany, na Stany alikuwa amekwisha kuahidi tarehe.

Ijumaa Stany alimwita Simone ofisini. Sheria ya kiwanda ilitaka mtunzaji wa programu aweke sahihi kabla ya mpya kuwashwa.

"Weka sinyatire hapa."

"Mi siweki, tata Stany."

"Josias alisha kutengeneza ile kosa."

"Alitengeneza ile tuliona. Ile hatujaona, nani alitengeneza?"

Stany alisukuma karatasi mbele yake tena, taratibu, kama mtu anayebembeleza. "Bakubwa banakuya lundi. Nitabaambia nini? Kama Simone anaogopa kompyuta?"

"Ubaambie programu haijapimwa. Tung'oe kapteri zote, moja moja, batu ya chini basikie. Kama sirene inalia kila mara, nitaweka sinyatire yangu na furaha."

"Ilie sirene mchana, mutaa yote ikimbie? Redio ikuye hapa?"

"Tubaonye mbele. Batakuya kusikiliza tu."

Hapo Stany alipandisha sauti. "Unajua kama mi naweza kukutosha mu hii ofisi leo?"

"Unaweza kunitosha," Simone alijibu akiwa amesimama. "Ile nasema itabakia."

Akamtoa kweli. Siku hiyohiyo kadi yake ya chumba cha kompyuta ilifungwa, akapelekwa depo kupokea magunia ya chokaa. Yolande aliposikia, alikuja Kapata na hasira. "Una kazi ya ofisi, batu banaitafuta mpaka banalia, nawe unaitupa juu ya waya?" Simone alimjibu kwamba waya huo ndio unaolinda bustani yake. Yolande aliketi, akaomba maji ya kunywa.

Simone hakukaa depo akisubiri kuhurumiwa. Alimfuata Tata Alfani, dereva wa malori makubwa, ambaye wafanyakazi walimchagua kuwa mjumbe wao. Alfani ni wa ukoo wa Waislamu waliotoka Kasongo zamani kwa biashara ya usafiri. Hajui kompyuta, wala hakujifanya anajua. Alimsikiliza mpaka mwisho, kofia yake nyeupe mkononi.

"Binti yangu, mi sitauliza mambo ya ndani. Nauliza moja. Ile kitu ikikosea, nani anakufa?"

"Batu ya chini."

"Na kuipima kunaomba nini?"

"Asubuhi moja."

"Basi," alisema Alfani, akavaa kofia yake.

Jumatatu wakubwa walipofika, walimkuta Alfani amekwisha kuita kamati ya usalama, kama mjumbe anavyoruhusiwa. Alisema wafanyakazi hawatakubali programu iwashwe kabla ya jaribio. Walitishwa kidogo, wakabembelezwa kidogo. Hakuna aliyelegea. Hata Josias, aliyeitwa kuwatuliza, alisimama akasema yeye pia anataka kapteri zing'olewe. Najua ilimgharimu, maana mkataba ulikuwa wake wa kwanza mkubwa.

Wakubwa wakatoa asubuhi moja, programu mpya iwashwe kwa jaribio tu, na wafanyakazi wakapita kwanza mtaani na kipaza sauti kuwaambia watu wasikimbie. Watu walikusanyika chini ya ukuta, Yolande miongoni mwao, jembe bado begani. Simone alirudishwa kutoka depo kwa asubuhi ile tu, akiwa na chokaa kwenye viatu. Fundi akaingia kwenye boti ndogo, akang'oa waya wa kwanza. Sirene ikalia. Akaurudisha, akang'oa wa pili. Ikalia. Watoto walianza kushangilia kila ilipolia, na Stany akaanza kutabasamu. Walifika kapteri ya mwisho, iliyo mbali kabisa, upande wa kanisa. Fundi aling'oa, akainua waya juu ili wote wauone.

Kimya.

Walisubiri. Fundi aliutikisa waya hewani. Bado kimya, na kelele za watoto zikakatika zenyewe. Mwanamke mmoja pale chini akapaza sauti: "Na ile ya kwetu? Mbona haituite?"

Josias alikimbilia kompyuta, Simone nyuma yake. Safari hii hakuna aliyemwomba kadi. Walilikuta kosa. Katika nakala ya pampu inayopata habari kutoka kapteri ile, ile namba ya ajabu haikuwamo kabisa. Mtu fulani wa zamani aliiongeza kwenye nakala nyingine zote akaisahau hiyo moja. Akili bandia ilitafsiri kwa uaminifu kile ilichopewa. Simone akaelewa kwamba hata programu ya zamani, ile aliyoitunza kwa mikono yake, isingewaita watu wa upande wa kanisa kama waya wao ungekatika. Ni kwamba tu waya huo haukuwahi kukatika. Alitoka nje akawaambia wote hivyo, mbele ya wakubwa, bila kupunguza neno.

Tarehe ya Stany ikafa palepale. Simone na Josias walipewa meza moja. Kazi iliyofuata haikuwa na tarumbeta: walieleza pampu zote mahali pamoja, wakaandika ile programu inayoandika programu, na kila kode ilipojiandika upya waliipitisha kwenye mvua zote za zamani kabla ya kuipeleka bwawani. Akili bandia waliendelea kuitumia, kwa vipande vidogo ambavyo macho yao yangeweza kuvifuata. Waligombana sana. Mvua zilianza nusu ya pampu zikiwa upande mpya na nusu upande wa zamani, na wakubwa waliochukia sura hiyo walijibiwa kwamba wavumilie. Mvua zilipokwisha, pampu zote zilikuwa zimevuka, na watu wa chini walikuwa wamepanda viazi vyao.

Msidhani Simone alipigiwa makofi. Alipewa barua ya lawama kwa kutomtii mkuu wake, na akaelezwa kwamba akiandika maneno machache ya kuomba radhi, barua itatolewa kwenye faili yake.

"Muiache," alisema. "Batu benye batanifuata mu hii kazi bataisoma, batajua kama kukataa kunawezekana."

Mwaka huo cheo alichokistahili kilipewa mtu mwingine. Aliumia, na sisi tuliokaa naye uani tulimwona ameumia. Kazini hata hivyo alifika kila asubuhi, uso umeinuka, na Stany alijifunza kugonga mlango kabla ya kuingia.

Juzi ameitwa tena na wakubwa. Kiwanda kingine cha kampuni, upande wa Mutshatsha, kimechimba bwawa lake na kinataka programu ileile.

"Ni rahisi," walimwambia. "Unakopi tu, unabatumia."

"Mi sina kopi," Simone alijibu. "Banitumie maelezo ya bapompi yao, kode itajiandika. Na kabla ya kuwasha, nitapanda treni niende kung'oa kapteri mimi mwenyewe, muchana, batu ya pale bakiwa bamesimama."

"Na kama hawataki?"

"Basi baitafutie sinyatire ingine."

Ameanza kufunga mizigo. Yolande amemtuma alete mkaa wa Mutshatsha, magunia kadiri treni itakavyokubali.