Tupunguzie Ziwa

Nakumbuka swali moja lililoninyima usingizi kule mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa: je, kama ni jiwe? Ndilo hilo tu, mdogo wangu. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikanywa nalo chai, na chai ikapoa mkononi kwa sababu nilikuwa bado nalijibu.

Ningekuwa na mvi za kutosha ningekuita mwanangu, na maneno haya yangepata uzito wake. Mvi ninazo mbili tatu tu, na hizo nazilaumu kazi. Lakini jana nilikuona ofisini umeikodolea macho picha moja ya chini ya bwawa, tangu asubuhi hadi wenzako wakafunga kompyuta na kuondoka. Nilipokuuliza umeona nini, ukanijibu, "Dada, bado nafikiri." Nikacheka, ukadhani nakucheka wewe. Nilikuwa najicheka mimi.

Mimi ni mtoto wa Kambarage, pale Shinyanga. Maji mengi niliyokuwa nimewahi kuyaona kwa pamoja yalikuwa ya pipa la mama yangu. Nilipomaliza chuo, kampuni moja ya upimaji ya Geita ikaniajiri kwa sababu nilifaulu vizuri, na hakuna aliyeniuliza kama najua kuogelea. Sijui mpaka leo. Kazi yetu ilikuwa kukagua mabwawa na mabomba yaliyo chini ya maji, na bosi aliponiona naweza kukiburuta kile kifaa cha sona bila kukigonga chini, akaanza kunituma peke yangu.

Basi siku moja akanipigia simu. Kuna akina mama wa kijiji fulani cha ziwani, akasema, mashine yao ya kusaga imezama. Nenda ukawatafutie.

Nilipofika mwaloni nilimkuta mwenyekiti wa kikundi chao, Mama Kulwa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kufikia ng'ambo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia juu mpaka chini.

"Injinia ndiye wewe?"

"Mimi ni mpima, mama."

"Injinia," akasema, na likaisha hilo.

Kando yake alisimama Masanja, mwenye mtumbwi. Yeye ndiye aliyekuwa akiivusha mashine siku iliyozama. Wimbi lilipiga, mtumbwi ukalala ubavu, watu wakatoka wameloa na wazima, ila injini pamoja na kinu chake, vilivyofungwa pamoja kwenye fremu moja ya chuma, vikateleza vikaenda. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwacha apumue.

"Masanja," mama mmoja akamwita mbele yangu, "mtumbwi wako siku hizi unavua mashine?"

"Hauvui, unapanda," akajibu. "Subirini mvua, itaota nyingine na watoto wake."

Wakacheka, naye akacheka, lakini niliona jinsi alivyogeuka haraka kutazama maji. Akina mama wale walilima mpunga wa pamoja misimu kadhaa ili waipate hiyo mashine. Bila hiyo walirudi kubeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili, kilima kwa kilima, na wenye magoti mabovu walirudi kwenye kinu cha mti na mchi. Hiyo ndiyo mashine iliyokuwa chini ya ziwa.

Nikatoa kifaa chetu. Unakijua, ni kama bomba lenye mapezi, ndiyo maana tunakiita samaki. Niliwaeleza kwamba tunamfunga kwa waya nyuma ya mtumbwi, anakwenda chini huku akipiga sauti kushoto na kulia, na sauti ikirudi inachora sakafu ya ziwa kwenye kompyuta. Kitu kigumu kinang'aa. Nyuma yake, mahali ambapo sauti haikufika, panabaki peusi. Hicho ni kivuli.

"Na huyo samaki wenu anakula nini?" Mama Kulwa akauliza.

"Anakula betri, mama."

"Afadhali. Wa kwetu wanakula nyavu."

Tukaenda na kurudi majini, mstari kando ya mstari. Masanja aliapa kwamba palikuwa pale pale alipoonyesha kwa kidole, lakini kidole chake kila saa kilisogea kidogo. Chini kulijaa mawe, maana ufukwe wote ule ni mawe makubwa yaliyobebana, na yale ya majini ni ndugu zao. Mwisho nikabaki na alama mbili zilizonishinda kuzitupa. Ya kwanza ilikuwa kubwa, inang'aa, karibu na palipoapiwa. Ya pili ilikuwa ndogo, mbali zaidi, lakini ilikuwa na kivuli kirefu cha ajabu. Masanja akazibatiza papo hapo: Kulwa na Doto, kama mapacha wa mwenyekiti.

"Kulwa ndiye mkubwa, mchague huyo," akashauri.

"Wewe yako ulishaizamisha," Mama Kulwa akamkata. "Mwache mtoto afanye kazi."

Nami nikafanya kazi, mdogo wangu. Nikafanya kupita kiasi. Nikasema turudie mistari. Tukarudia. Nikasema turudie kutoka upande wa pili. Tukarudia, na petroli ikawa inasikika ikigonga chini ya tangi. Masanja akazima injini akaniangalia.

"Injinia, hili ziwa tumelilima kama shamba la pamba. Tupande sasa, au bado unapalilia?"

Nikamwambia nataka uhakika.

Usiku huo ndipo lile swali liliponikalia. Kama Doto ni jiwe? Kama ni mawe mawili yaliyoegemeana yakatupa kivuli kimoja? Kama Kulwa ndiye mashine, imelala kifudifudi ndiyo maana kivuli chake kifupi? Kama nikisema, na nikakosea, na watu wa kijiji kizima wakawa wamesimama pale wananitazama? Nilijipangia hadi maneno ya taarifa ya kunitoa lawamani: alama zote mbili zinawezekana, uchunguzi zaidi unashauriwa. Sentensi nzuri, safi, haina kosa hata moja. Ilinipa hata nafuu kidogo, na hapo ndipo nilipopaswa kuishtukia.

Asubuhi mzamiaji akafika. Aliitwa Yasini, kijana wa Mwanza anayetengeneza nyavu za vizimba vya samaki chini ya maji. Alikuja na mtungi mmoja tu wa hewa uliojaa, na pa kujazia mwingine ni huko huko Mwanza. Maji ya pale ni ya matope, akizama haoni kiganja chake, anapapasa tu. Mtungi ule ulimtosha kupapasa mahali pamoja kwa utulivu. Mahali pawili, hapana. Na jioni ile alihitajika kwenye vizimba.

"Haya dada," akasema huku akivaa, "wapi?"

Nikaanza. Nikamwambia kuna uwezekano wa kwanza na uwezekano wa pili. Nikamweleza habari za mwangwi, na matope, na pembe ya sauti. Nikamaliza na ile sentensi yangu ya usiku.

Mama Kulwa, aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi, akasema polepole, wala si kwa ukali.

"Mwanangu. Sisi hatukukuita utuletee uhakika. Tungekuwa nao huo, tungekwenda kuichota mashine yetu kwa mkono. Tulikuita utupunguzie ziwa. Na umelipunguza! Jana lilikuwa lote hili, leo limebaki vitu viwili. Sasa mwenzako anaingia humo na mwili wake mzima. Wewe unaogopa kuingiza neno moja?"

Uso ulinichoma. Nikasema kile ambacho sikuwa nimekipanga. "Naogopa ni jiwe, mama."

"Basi mwambie hivyo," Yasini akadakia, kama mtu aliyesubiri hilo hilo. "Niambie unachoona, halafu niambie unachoogopa. Mimi chini kule sina macho. Nikijua hofu yako nitajua cha kupapasa."

Unajua, hakuna mtu aliyewahi kuniomba hofu zangu. Tangu shuleni watu waliniambia niziache. Nikafungua kompyuta magotini, nikazitoa zote. Nikamwonyesha kwamba Kulwa anang'aa sana lakini kivuli chake ni kifupi na kimechakaa pembeni, kama jiwe pana lililolala. Nikamwonyesha Doto, kivuli chake kirefu, na katikati yake kuna doa jeupe, maana yake sauti ilipenya mahali fulani, na jiwe halipenyezi sauti. Nikasema naona ni gurudumu la injini lenye matundu. Kisha nikasema ninachoogopa: ni mawe mawili na uwazi kati yao. Kwa hiyo akifika, asishike cha kwanza akapanda. Apapase kama kuna pembe iliyonyooka, kwa sababu jiwe halina fremu. Akikuta mawe, aelekee kilindini kidogo, kwa kuwa mteremko unashukia huko na kitu kizito kingeweza kujikokota. Na asiachie kamba ya kumrudisha juu, kwa sababu waya za zamani za nyavu zimetapakaa.

"Umeona?" Yasini akamgeukia Masanja. "Huyu alikuwa na ramani nzima kifuani, alikuwa anailalia."

"Kwa hiyo yupi?" akauliza Mama Kulwa.

Boya letu lilikuwa dumu la njano lililofungwa kwenye jiwe kwa kamba. Masanja akatupeleka huku nikimsomea namba za mahali. Sitakuficha, hofu yote bado ilikuwepo pale pale, haikuwa imepungua hata kidogo. Nilikuwa nimedhani itaisha kwanza ndipo niseme. Haikuisha.

"Doto," nikasema, na nikaliachia jiwe.

Yasini akazama. Sikuangalia saa, niliangalia mapovu. Masanja alinong'ona sala ya Bikira Maria yote, akaanza tena, akachanganya katikati. Kisha kamba ikavutwa kutoka chini, ikavutwa tena kwa nguvu, na kichwa cha Yasini kikatokea kikiwa na matope hadi kwenye nyusi.

"Ina pembe!" akapiga kelele. "Nimeifunga!"

Ufukweni watu walimsikia kabla sisi hatujageuka. Kamba ndefu ikapelekwa nchi kavu, wanaume na wanawake wakaishika pamoja, na ukaanzishwa wimbo wa kulimia wa Kisukuma, ule ambao majembe hushuka nao kwa pamoja. Mashine ikapanda kutoka ziwani hatua kwa hatua, imevaa magugu maji kama bibi harusi. Mama Kulwa alikuja akanikumbatia na mikono yenye matope. "Wabeja, wabeja sana," akarudia, asante ile ile ya kwetu Shinyanga.

Kisha nikaenda kuikagua, kwa sababu ndivyo nilivyo. Gurudumu lote lilikuwa limegandwa na tope, maana yake kule chini lilikuwa limefukiwa. Lisingeweza kutupa kivuli chochote. Doa jeupe lile lilitokana na miguu ya kinu, sauti ilipita katikati yake. Nilikuwa nimepatia mahali na nimekosea sababu. Nilimwambia Yasini, akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa sikiliza, mdogo wangu, maana haya ndiyo ninayotaka ubaki nayo. Picha uliyoiacha mezani jana inamsubiri mzamiaji, naye hasubiri ukamilifu wako. Mwambie unaona nini. Mwambie kwa nini unadhani hivyo. Mwambie unaogopa nini, kwa sababu hofu ya mtu makini ni nusu ya kazi iliyokwisha kufanywa, ila ukiifungia kifuani inaoza. Kisha weka kidole mahali pamoja. Usiseme unajua kama hujui. Huo ni uongo, na chini ya maji uongo unaweza kuua. Lakini usijifiche nyuma ya "yote yanawezekana" na kusema huo ni uangalifu. Wanaokutegemea wanakuomba uwapunguzie ukubwa wa jambo lao, nawe umesomea hilo.

Mungu akupe macho matulivu na mkono wa kuachia boya hata ukitetemeka. Kazi zako zitoke salama majini. Na siku utakapokosea, maana siku hiyo ipo, akuzungushie watu wa kucheka pamoja nawe, kisha wakuulize, "Haya, na sasa wapi?"