Chapchap na Ubao wa Vijiti

Waliomwita dada yangu Chapchap hawakuwa wanamtania. Katika karakana ya sare za shule alikoshona tangu usichana, wenzake wakiwa bado wanahangaika kutia uzi kwenye sindano, yeye alikuwa ameshamaliza kola na anadai nyingine. Alishona huku anacheka, huku anamsema bosi kwa ubahili wake wa mikasi. Mdomo na pedali vilikwenda pamoja.

Kisha akaanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Mwaka ule sitaki kuueleza. Hospitali wakampa vidonge, sauti zikanyamaza, tukashukuru. Ila na Chapchap naye akanyamaza. Ukimuuliza jambo, unamaliza kufagia chumba ndipo anajibu. Kifungo kimoja kilimchukua muda wa shati zima. Bosi, ambaye si mtu mbaya, akasema, "Mkono wake ukirudi, cherehani yake ipo. Ila sitaweza kungoja milele." Kurudi kwenye kile kiti ndicho kitu pekee dada alichokitaka.

Kliniki wakampima wepesi wa mikono. Wana ubao wenye vitundu. Unachomeka vijiti kimoja kimoja, muuguzi kashika saa. Dada hakufika hata nusu. Daktari akasema arudi mwezi ujao apimwe tena, ndipo waamue. Waamue nini, hakusema, wala hakuna aliyemuuliza.

Sasa, shemeji yangu ni mwalimu, na kwake kila kipimo ni mtihani. Sifa yake ni hiyo: darasa lake hukaririshwa maswali ya miaka iliyopita mpaka lifaulu, hata kama halijui kitu. Akatafuta ubao, akautoboa, akachonga vijiti, na kila jioni akamkalisha mkewe mezani. "Haraka! Tena! Usiangalie dirishani!"

"Shemeji," nikamwambia, "huyu si mwanafunzi wako."

"Kwa hiyo unataka aonekane mgonjwa?"

Vijiti dada akavizoea kweli. Vijiti tu. Nilimpa sketi yangu apinde pindo, akakaa nayo mapajani mpaka chai yake ikapoa, sindano haijaingia hata mara moja.

Siku ya kipimo waliingia wao wawili, mimi nikabaki kwenye benchi la nje. Shemeji akatoka kifua mbele. "Amefaulu!" Dada alikuwa nyuma yake, anaburuta miguu.

Nyumbani ndipo aliponieleza, neno moja moja, mimi namenya viazi. Daktari alifurahi sana. Alikuwa na wasiwasi kwamba dozi ni kubwa, kwamba ndiyo inayomfunga mikono na ulimi. Angemkuta bado mzito, angeipunguza. Kwa kuwa ni mwepesi, aendelee nayo vilevile, warudi baada ya miezi sita.

"Dada, hukumwambia?"

"Nilianza." Nikangoja. "Nilisema, daktari, mimi..." Nikangoja tena, viazi vikaisha. "Daktari akamwangalia mume wangu. Mume wangu akamwambia, anasema asante."

Anasema asante! Nilitamani nimmwagie sufuria na maji yake. Nilimfuata shemeji sebuleni, nikamwambia kesho asubuhi warudi kwa daktari wakaseme ukweli.

"Nikaseme nini?" akauliza. "Kwamba nimefanya udanganyifu? Mimi, mwalimu?"

Nikaenda mwenyewe. Muuguzi akafungua jalada, akaniambia mgonjwa anaendelea vizuri, vipimo vinaonyesha, na msindikizaji aliyeandikwa ni mumewe. Nilipopandisha sauti, akamwita mlinzi.

Bosi alingoja kadiri alivyoweza, kisha akampa mtu mwingine cherehani.

Dada bado anakaa pale mezani jioni. Siku hizi haambiwi na mtu. Anauvuta ubao na kuchomeka vijiti, haraka haraka, macho hayaangalii dirishani. Shemeji akipata wageni, huwaita waje waone.