Tundu la Pili la Mwalimu wa Jioni

Rafiki yangu unayenisoma gazetini kila wiki, nakuambia wewe kwa sababu hapa mtaani tumeshanyamaza. Mwalimu wetu wa baiolojia wa masomo ya jioni, hapa Katoro, tumemzika Jumanne. Hospitali wamesema figo. Ila mikono yake ilianza kutetemeka siku nyingi. Darasani tulikuwa akina mama watupu, tunatoka sokoni na vumbi kwenye kanga. Siku moja alikuja na udongo wa kichuguu, akafinyanga dude lenye matundu mawili. "Hiki ni kimeng'enya. Kazi yake ni kuibebesha tRNA, yaani kichukuzi cha ndani ya seli, asidi amino iliyo yake, protini ijengwe sawasawa." Akatoa karanga mbili. Kubwa, ile inayotakiwa, ikaingia tundu la kwanza. Ndogo, isiyotakiwa, nayo ikaingia. Muuza dagaa akadakia, "Mwalimu, si kimeshakosea hicho?" "Tulia, mayu," akamjibu Kisukuma, kama anamwita mama yake. "Tundu la pili ni jembamba. Kubwa haipiti, inabaki salama. Ndogo inapita, inakatwa, inatupwa. Kosa likivuka hapa, huko mbele hakuna anayeuliza."

Karanga zilimdondoka mara tatu, darasa likacheka. Mimi nilishindwa, maana ni jirani yake na nilijua. Wachimbaji walimletea dhahabu iliyoshikana na zebaki awaunguzie, zebaki itoke ibaki dhahabu, kwa kuwa walimwamini hadokoi. Aliunguzia jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali, mlango umefungwa watu wasione. Mvuke wa zebaki hauna harufu. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo zebaki itakuua." Akacheka. "Unanifundisha somo langu? Najua inavyong'ang'ania vimeng'enya. Nikikataa, wataenda kwa nani?" Nikamsalimia mkewe, nikaondoka. Nilimwombea novena tatu. Mungu anajua alichojibu. Mwilini tumeumbiwa tundu la kukagua makosa. Majirani tulipaswa kuwa tundu hilo kwake, nasi tulipita tukisalimia.

Siku ya tatu ya matanga nilipeleka unga. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Nikausukuma. Ndani, mdogo wa marehemu ameinamia kibakuli cha dhahabu na zebaki motoni, mjane anasubiri jiko, mtoto mgongoni. "Shikamoo dada," mdogo wake akasema. "Ingia, ufunge mlango." Niliuacha wazi, nikamtoa mjane nje na mtoto wake. Nilipofika kwangu nikageuka: mlango umefungwa tena, na mjane simwoni uani. Kesho nitarudi kuufungua, ingawa sioni kitakachobadilika. Wewe usiyaache haya gazetini. Msomee yule anayepika kwenye jiko kama lile.