Ramani ya Nyota Iliyompeleka Kaka Yangu Jangwani

Kaka yangu Topendra alikufa usingizini, katika nchi ambayo kompyuta ya mnajimu ilituonyesha kwamba ndiko bahati yake iliko.

Alikula wali na dengu na wenzake, akaoga, akapanda kitandani. Asubuhi wakamwamsha, haamki.

Hapa kwetu Tansen, Nepal, watu bado wanabishana nyota ipi ilimuua. Wamebishana vya kutosha. Leo naongea mimi.

Tulizaliwa wawili tu. Baba alikufa tukiwa wadogo, alianguka mtini akiwakatia mbuzi majani. Mama akatulea kwa mahindi na maziwa ya nyati wa kufugwa.

Sasa kwetu kijana akimaliza shule hana habari nyingine zaidi ya pasipoti. Dalali wetu, jamaa wa kuvaa miwani myeusi mpaka ndani ya nyumba, akatupatia nafasi mbili. Moja kiwanda cha glavu Malesia. Nyingine ujenzi kule Ghuba, Uarabuni, mshahara mnono.

Wote wawili tukaitaka ya Ghuba.

"Yadu, wewe Ghuba utaiweza?" Topendra akanicheka. "Ukipanda ngazi tu unahema kama bibi kizee."

"Pumu ilishaisha. Sema tu unataka hela upate peke yako."

"Nenda kashone glavu, mdogo wangu."

"Glavu hazishonwi, mshamba wewe!"

Tukavurugana mpaka tukawa hatusalimiani. Mama akachoka na kelele zetu.

"Twendeni kwa Pandit," akasema. "Nyota zikiamua, kila mtu afunge mdomo."

Pandit Kashinath, mnajimu wetu, zamani alikuwa anachora nyota za watu kwa mkono. Siku hizi ana kompyuta. Mwanawe alimwekea programu moja: unaingiza tarehe, saa na mahali ulipozaliwa, mara ramani ya dunia inajaa mistari ya rangi. Kila sayari ina mistari yake. Nchi ambayo mstari umepita, ndiko sayari hiyo inakushika vizuri, kwa heri au kwa shari.

Msicheke. Nusu ya mji ilikuwa inapita kwake kabla ya kupanda ndege.

Akaanza na mimi. Mstari mweusi ukashuka juu ya Ghuba, tena katikati kabisa.

"Zohali," Pandit akasema. Sisi tunaiita Shani, na hakuna mama wa kwetu asiyeiogopa. "Huyu akienda huku mtaletewa sanduku."

Mama akashika kifua.

Akaja Topendra. Wake mweusi ukapita Malesia. Juu ya Ghuba ukapita wa njano, wa Mshtarii, sayari ya neema. Nilitamani kuipiga teke ile kompyuta.

Pandit akavua miwani. "Lakini saa ya kuzaliwa mna uhakika nayo? Mistari hii inafuata saa. Ukikosea saa moja tu, mstari unahamia nchi nyingine."

Mama akainua uso. Midomo ikamcheza, kama mtu anayetaka kusema jambo.

Topendra akamdakia. "Saa moja jioni, Pandit. Nimeambiwa hivyo tangu utotoni. Funga hesabu."

Moyoni nikasema, tazama tamaa ya huyu mtu.

Basi, mimi nikaenda Malesia, kitengo cha kufungasha, chini ya feni. Yeye akaenda jangwani. Alikuwa ananipigia kila Ijumaa.

"Vipi joto la huko?"

"Joto gani? Huku tunakula raha tu. Wewe unahema vizuri?"

"Nahema. Acha kunifuatilia."

Ijumaa moja hakupiga. Ikaja namba nisiyoijua.

Nilifika Kathmandu kabla ya sanduku. Karatasi iliyokuja nalo ilisema amekufa kifo cha kawaida. Kijana ambaye hajawahi kulazwa hospitali! Nilimuuliza mtu wa mizigo kawaida maana yake nini, akaniambia nisogee, kuna masanduku mengine nyuma.

Moto wa kumchoma niliuwasha mwenyewe, kando ya mto kule Ridi. Nikanyoa nywele, nikavaa nguo nyeupe, nikala chakula kisicho na chumvi mpaka siku kumi na tatu zikaisha, kama desturi inavyotaka.

Siku zilipoisha mimi nikarudi kwenye chumvi. Mama hakurudi.

Kwanza aliendelea na wali mtupu. Halafu akawa anakula vijiko viwili. Halafu maji. Nikimsogezea sahani anageukia ukutani.

"Mama, na wewe unataka nikuchome?"

"Nichome," akasema. "Aliyemuua mwanangu ni mimi."

Nikafikiri ni huzuni tu inaongea. Akanikamata mkono, vidole vimebaki mifupa.

"Kaka yako hakuzaliwa jioni. Alizaliwa alfajiri, ndani ya nyota ya Mool."

Mtoto wa Mool, ndugu zangu, wanasema anamla baba yake. Baba hatakiwi kumwona uso siku ishirini na saba, na wapo wanaomtoa kabisa akalelewe na watu wengine.

"Baba yako mkubwa alimtoa binti yake hivyohivyo," Mama akaendelea. "Mpaka leo hatujui yuko wapi. Na baba yenu siku hiyo alikuwa Butwal, akarudi jioni, Mool imeshapita. Nikamwambia, mtoto katoka sasa hivi. Alijua shangazi yenu peke yake, ndiye aliyenizalisha."

"Kumbe pale kwa Pandit..."

"Nilitaka kusema. Ulimi ukagoma. Juzi ulipokwenda sokoni nilijikokota kwake nikampa saa ya kweli. Akachora upya." Akafumba macho. "Mstari mweusi umepita palepale alipolala. Wa njano uko Malesia. Nilimkosesha Malesia, Yadu."

Ningemwambia nini? Ramani ni ileile tuliyoiamini wote, na sasa ilikuwa inamhukumu. Jirani walikuwa wanakuja na maneno yao ya Shani haikwepeki, na kila wakiondoka amezidi kuzama. Nilianza kumwona akienda, na nilikuwa naogopa kweli.

Ndipo akaja Tekman.

Tekman alikuwa analala kitanda cha chini ya cha Topendra kule kambini. Amerudi likizo, akanikuta uani napasua kuni.

"Kaka, pole. Nilitaka nikwambie kwa mdomo," akasema. "Tulikuwa tunafunga vyuma juu ya paa saa sita mchana. Maji ya kunywa yanachemka kwenye pipa. Siku mbili kabla alianguka. Msimamizi akamwambia kaa kivulini kidogo, halafu panda. Akapanda. Eti kawaida! Kawaida gani?"

Nikamwambia kuhusu Mama, saa, na mstari mweusi. Nilitarajia ashangae.

Akatazama chini. "Mbona Topendra alikuwa anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba ni mtoto wa Mool. Siku baba yenu alipokufa shangazi yenu alimsukuma, akamwambia, umeshamla baba yako, sasa umeshiba? Alikuwa na miaka kumi. Ile ramani alikuwa anatuchekesha nayo kambini. Alisema ni ramani ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa."

"Sasa kwa nini alinyamaza?"

"Alijua ukweli ukitoka ramani inachorwa upya, ugomvi wenu unaanza tena, na Ghuba unaweza kwenda wewe. Alisema una kifua kibovu na kichwa kigumu. Vumbi la kule lingekumaliza mapema, na kwa maneno usingekubali."

Shoka lilinitoka mkononi. Nililia hadharani, mtu mzima na ndevu zangu, Tekman amenishika bega, jirani wanachungulia.

Kisha ikabidi niamue. Kumwambia Mama kwamba mwanawe alijua, au nimwache na hatia yake? Niliogopa lingemmaliza. Lakini alikuwa anaisha hata hivyo.

Nikaingia, nikamwambia yote, mpaka la shangazi.

Akafumba macho, kichwa kikalala ukutani. Nikadhani ameondoka.

"Alijua tangu ana miaka kumi," akasema. "Na hakunitupia neno hata siku moja."

"Hata moja, Mama."

"Akaona heri abebe jua la wote wawili."

Hapo ndipo alipolia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu sanduku lifike. Nilimshika nisimwachie. Alipotulia akajifuta kwa kitambaa cha kichwa, akanitazama usoni.

"Baba yenu alimpakata jioni ileile, Yadu. Alimbusu nyayo. Alikwenda naye mlango kwa mlango, anaonyesha watu, tazameni mwanangu. Ningesema kweli, angefichwa huyo mtoto, au angetolewa. Miaka yote ile asingepakatwa na baba yake." Akavuta pumzi. "Ningedanganya tena."

Na mimi namwambia kila mtu hivyohivyo: alifanya sawa.

Ndugu msomaji, kwa Pandit bado kuna foleni. Wanauliza mstari gani unapita nchi gani. Hakuna anayeuliza kama huko kuna kivuli saa sita, na kama maji ya kunywa yana ubaridi. Shani ikisingiziwa, aliyempandisha mgonjwa juu ya paa analala usingizi mzuri.

Na kama una ndugu anayekukatalia jambo huku anakucheka, usikimbilie kumwita mchoyo. Mkalishe chini, umuulize anaogopa nini. Mimi sikumuuliza wangu.